Baba mkwe anataka nisimame kanisani nikane ninachowaeleza wageni

*Shikamoo Mama Mshauri,*

Mimi ni kijana wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, naishi Karatu. Kazi yangu ni kuongoza watalii, hasa wale wasiopenda kushinda ndani ya gari. Safari yangu ya kawaida huanzia Bonde la Olduvai. Tunaona makumbusho na korongo, kisha gari linatuacha Nainokanoka, na kuanzia hapo ni miguu tu: Olmoti, Bulati, ukingo wa kasoko ya Empakaai, Nayobi, halafu tunateremka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Ngaresero, karibu na Ziwa Natron. Mizigo inabebwa na punda, na askari wa hifadhi anatangulia na bunduki kwa sababu ya nyati. Wageni wenye pumzi humalizia kwa kupanda Ol Doinyo Lengai usiku. Ni kazi ya jasho lakini naipenda, na ndiyo inayotulisha.

Nimekulia Ulutheri. Nilipooa nikahamia kanisa la kiroho analoliongoza baba mkwe wangu. Naimba kwaya, na Jumamosi nafundisha vijana.

Msimu uliopita nilikuwa na kundi ambalo ndani yake alikuwemo mhadhiri wa biolojia kutoka Uholanzi na mchungaji mstaafu wa Marekani aliyekuja na mkewe. Tangu Olduvai walikuwa wanabishana. Mhadhiri anasema fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu aliyefukuliwa pale, lina miaka milioni 1.75; mchungaji anacheka, anasema dunia yenyewe haijafikisha miaka 10,000. Wakabishana wakipanda mlima, wakabishana wakila. Usiku wa Empakaai, na ile baridi ya kule juu mnaijua, tumeuzunguka moto, mpishi anagawa supu ya maboga, mchungaji akanigeukia: "Wewe ndiye mwenyeji hapa. Wewe unaamini nini?"

Wote wakanyamaza. Ningeweza kusema mimi naongoza njia tu. Nikajibu: "Naamini Mungu aliumba. Na naamini majivu ya milima hii hayasemi uongo." Mhadhiri akapiga makofi. Mchungaji akasema ataniombea, akaniombea pale pale, wala hakukasirika. Kesho yake kwenye mteremko wa Nayobi goti lilimsumbua, akashuka ameshikilia bega langu mpaka chini.

Shida ni mpishi. Tunasali kanisa moja, naye alirekodi kwa simu. Klipu aliyotuma imekatwa, pale niliposema Mungu aliumba hapamo. Kilichobaki ni mimi nikisema majivu hayasemi uongo, na Mzungu ananipigia makofi. Ikatupwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa na maneno haya chini yake: "Huyu ndiye mwalimu wa vijana wetu." Huko Ngaresero mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilipofika Karatu kesi ilikuwa imeshasikilizwa na kuamuliwa.

Baba mkwe akaniita. Akaniambia: "Mwanangu, Wazungu walituita nyani miaka yote. Leo wewe unalipwa dola uwathibitishie?" Anataka Jumapili ya mwisho wa mwezi huu nisimame mbele ya kanisa niseme yale ni maneno ya kazini tu, siyaamini, na nimetubu. Kama siwezi, basi niache njia ile, nitafute kazi ya udereva wa Serengeti, "kule kuna simba na nyumbu, hakuna mafuvu." Nisipofanya hata moja, vijana watapewa mwalimu mwingine.

Mke wangu anasema nisimame tu niseme, maneno hayavunji mfupa. Ananikumbusha kiwanja tunachojenga alitupa baba yake, na nyumba sasa imefika kwenye lenta. Kaka yangu anasema nirudi zangu Ulutheri.

Mimi nikisema siyaamini, nitakuwa nimedanganya madhabahuni. Nikisema nayaamini, sijui hata ninaamini nini hasa. Kuna siku nasimama kwenye ukingo wa Empakaai, naona Lengai kule mbele na Natron inang'aa chini yake, nasema moyoni hii ni kazi ya Mungu, na dakika hiyo hiyo nasema hii ni kazi ya miaka milioni. Nifanyeje, Mama?

*Mtembea kwa Miguu, Karatu*

---

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole kwa safari, na pole zaidi kwa ulichokikuta uliporudi.

Umeniuliza kama usimame, uache kazi, au uhame kanisa. Nimeisoma barua yako nikaona mashauri matatu yamefungwa kamba moja. Lipo la imani yako mwenyewe, lipo la heshima kati yako na baba mkwe, na lipo la kiwanja. Yanavutana, na ukijaribu kuyajibu yote kwa sentensi moja ya Jumapili utachanganyikiwa.

Nianze na baba mkwe. Umechukulia kwamba ugomvi wake ni mageuko ya viumbe. Inawezekana. Lakini hebu jiweke kwenye kiti chake. Huyu ni mchungaji. Anafungua simu asubuhi, anakuta waumini wake wanamjadili mkwewe, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Hakuisikia kwako. Hata mtu asiyejali mafuvu wala visukuku angeungua. Je, ana habari kwamba klipu imekatwa? Umenisimulia mimi, sikuona mahali ulipomsimulia yeye. Yawezekana unajiandaa kukana mbele ya watu mia maneno ambayo mzee mwenyewe hajawahi kuyasikia kamili.

Halafu lile neno lake la nyani. Usilipite haraka, maana nadhani ndipo penye kidonda. Kizazi chake kilikua kikisikia Mwafrika akiwekwa ngazi ya chini, kati ya mtu na mnyama, na wapo waliolitaja jina la sayansi walipokuwa wanatutukana. Sasa anamwona kijana wake anasimama korongoni mbele ya Wazungu, wanampigia makofi. Ungekuwa wewe ungeonaje?

Hapo wewe una la kumwambia ambalo mimi sina, kwa sababu ni kazi yako. Hakuna anayefundisha pale Olduvai kwamba babu yetu ni nyani huyu tunayemwona barabarani Manyara. Wanachosema ni kwamba binadamu na sokwe wana asili moja ya zamani sana, na kila mmoja akashika njia yake. Hata huyo Zinj, aliyefukuliwa na Mary Leakey Julai 1959, wataalamu wanamhesabu kuwa tawi la pembeni lililokufa bila kuacha uzao; hatokani naye mtu wa Karatu wala mtu wa Amsterdam. Na wote, wa Karatu na wa Amsterdam, asili yao inatajwa kuwa huku kwetu. Charles Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuko, aliandika mwaka 1871, kabla hakijafukuliwa kisukuku hata kimoja cha zamadamu Afrika, kwamba huenda bara hili ndilo walikoishi wazee wetu wa mwanzo kabisa. Wenzake wengi hawakupenda kusikia hivyo. Walitamani mtu aanzie Ulaya au Asia. Kwa hiyo kama kuna aliyetukanwa na mafuvu ya Olduvai, kwa kweli si sisi.

Sijui kama baba mkwe atalipokea hilo. Inategemea analisikia kwa nani na kwa sauti gani. Vilevile anaweza kukwambia, na atakuwa na haki, kwamba hoja yake si rangi bali ni Neno. Usijifanye hujamsikia.

Sasa wewe. Unasema hujui unaamini nini hasa. Mimi naona unajua zaidi ya unavyojidhania, ila unadhani kuna foleni mbili tu na lazima upange kwenye mojawapo. Yule mhadhiri yuko ya kwanza, yule mchungaji ya pili, na wewe umesimama katikati unaona aibu. Mbona katikati hapo pamejaa watu? Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary na mtafiti mwenzake wa Olduvai, alizaliwa Kabete kwa wazazi wamisionari, na ujanani alikusudia kuwa mmisionari. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliandika mwaka 1950 kwamba Mkatoliki anaweza kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na mageuko, mradi asiguse kwamba roho inaumbwa na Mungu. Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 akasema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma chembe za urithi za binadamu kule Marekani, ni Mkristo wa kiinjili na hafichi. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, karne kumi na sita zilizopita alikuwa tayari anawaonya Wakristo wasiongee ovyo juu ya mambo ya dunia na nyota wakidai ndivyo Maandiko yasemavyo, wasije wakachekwa na wasioamini.

Sikutajii hao ili uwe na jeshi. Wapo pia watu waaminifu na wenye akili wanaosema siku sita ni siku sita, na kwao ukilegeza hapo umelegeza kila kitu. Wapo wanasayansi wanaosema mageuko hayahitaji Mungu hata kidogo. Hawa hawapatanishwi kwa maneno matamu. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa ya kiinjili Kenya walifanya kampeni mifupa ya Kijana wa Turkana, zamadamu aliyefukuliwa Kenya, isipewe nafasi ya mbele katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, na Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, akawajibu kwa ukali. Mifupa iliwekwa, na makanisa hayo yanaendelea na ibada mpaka leo. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Ninachotaka uone ni kwamba kusimama katikati si woga, ila ni lazima ujue umesimamia nini.

Kwa mfano ulisema majivu hayasemi uongo. Sentensi nzuri, ndiyo maana imekuponza. Lakini mzee akikuuliza "umejuaje?", utamjibu kwa ulichosoma kwenye kibao cha makumbusho au kwa unachokielewa? Majivu na lava vina potasiamu, na sehemu ndogo mno ya hiyo potasiamu hugeuka taratibu kuwa gesi ya argoni. Mlima ukilipuka, lile joto huifukuza gesi yote ya zamani. Jiwe likishapoa, gesi mpya huanza kujikusanya ndani yake, na haina pa kutokea. Wapimaji huangalia imefika wapi, kama mtu anayejua saa aliyotega ndoo chini ya bomba linalodondoka. Ndivyo mwaka 1961 tabaka la chini la Olduvai lilivyopata ule umri wa miaka milioni 1.75. Sasa hili unaweza kulieleza bila kutaja kuamini wala kutoamini. Ni kipimo. Mtu anaweza kukibishia, lakini atalazimika kubishana na jiwe, hatabishana na wokovu wako.

Na ile miaka 6,000 ya umri wa dunia wanayoitaja wengi, nayo ni kipimo cha aina yake. Huwezi kuufungua mstari wa Biblia ukaikuta imeandikwa. Watu waliipata kwa kujumlisha vizazi na umri wa mababu. Anayekumbukwa zaidi ni Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alifikia mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hilo nimekwambia wewe. Usiende nalo kwa baba mkwe kama rungu. Mkwe hashindwi kwa hoja, hata ukishinda umeshindwa.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Unaweza kusimama na kusema kama ulivyoagizwa. Mkeo ana hoja: nyumba itaendelea, kelele zitakoma, utabaki na vijana. Ila umeniambia kwa kalamu yako kwamba utakuwa umedanganya madhabahuni. Na hawa vijana unaowafundisha Jumamosi wengine wako sekondari, na kidato cha nne wanalikuta somo la mageuko kwenye kitabu cha biolojia na kwenye mtihani. Wakija kukuuliza, baada ya wewe kutubu hadharani, utawaambia wajibu nini? Wajibu kwa kalamu na wakane kwa mdomo? Labda ndivyo wanavyofanya tayari.

Unaweza kusimama na kusema yako: nilisema hivi, klipu ilikatwa, imani yangu ni hii. Hii ina heshima yake. Hatari ni kwamba Jumapili mbele ya watu si mahali pa mzee kubadili mawazo. Ukimshtukiza pale, utakuwa umemfanyia yeye kile mpishi alichokufanyia wewe.

Unaweza kuachana na njia ile. Udereva wa Serengeti ni kazi halali, wala si adhabu. Lakini sijasoma popote kwamba unaitaka. Mtu akiacha kazi anayoipenda kwa sababu ya wakwe, mara nyingi anayelipa deni hilo ni mkewe, kidogo kidogo, kwenye maneno ya jikoni. Muulize yeye kama yuko tayari kwa hilo, usimwamulie.

Kurudi Ulutheri kunaonekana rahisi kwa sababu kaka yako si yeye anayelala nyumba moja na binti wa mchungaji. Sisemi haiwezekani. Nasema watoto watakuwa wanauliza kila Jumapili twende na nani.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja, nayo ni kwenda kwa mzee kabla ya Jumapili hiyo, faragha, bila klipu na bila vitabu. Penye wazee haliharibiki neno. Kama kuna mzee wa kanisa anayekupenda, au baba yako mdogo, nenda naye. Mpe sentensi zako zote mbili kama ulivyozisema kwenye moto. Mweleze yule mchungaji wa Marekani aliyekupinga, akakuombea, kisha akashuka Nayobi ameshikilia bega lako. Hiyo sehemu haikurekodiwa, na huenda ndiyo ambayo mchungaji mwenzake angependa kuisikia. Kisha muulize kama kuna maneno mengine, mbali na yale aliyokupa, ambayo yeye atayakubali na wewe hutayasema kwa unafiki. Anaweza kukataa. Wachungaji wengine wakishatangaza jambo huona kurudi nyuma ni kuanguka. Lakini angalau atakuwa amekataa kitu ulichokisema kweli.

Nilifikiria pia kukwambia umchukue siku moja umpeleke kule unakotembea. Nilisita, kwa sababu ukimpeleka Olduvai moja kwa moja ataona umemwekea mtego. Lakini kule Ngaresero unakomalizia, kuna zile nyayo zaidi ya 400 za watu kwenye majivu yaliyoganda, za watu kama mimi na wewe, na waliozichunguza wanasema ni za kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Hakuna fuvu, hakuna nyani. Kuna watu walipita, wengine wakikimbia. Hapo mzee anaweza kupiga magoti akaangalia vidole bila kuhisi ameshindwa. Na njiani unaweza kumwonyesha upande wa Peninj, ambako mwaka 1964 Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya, aliona taya la jamaa wa Zinj kwa macho yake mwenyewe. Unaweza kumwambia pia kwamba zile nyayo mpya za zamadamu za Laetoli, si mbali na Olduvai, zilizotangazwa mwaka 2016 zilichunguzwa na timu iliyokuwemo wasomi wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyezoea kusikia kwamba Wazungu ndio wanaosema, akisikia wanasema watoto wa hapa, mara nyingine hulegea kidogo. Mara nyingine hapana. Ukienda naye, nenda kama mkwe anayemtembeza mzee, acha uongozaji wa watalii nyumbani.

Mpishi. Nimeona umemtaja na kumwacha. Wewe ndiye kiongozi wa safari, neno lako moja kwa kampuni linaweza kumkosesha msimu mzima, na najua wazo hilo limeshakupitia. Usimfukuzishe kazi kwa hasira. Lakini pia usijifanye hakuna kilichotokea, kwa sababu kule juu, usiku, kwenye kokoto za Lengai, watu wanaokulana kisogo ni hatari kwa wageni. Mwite muongee mkiwa wawili. Muulize kwa nini alikata pale alipokata. Yawezekana jibu litakushangaza. Yawezekana aliona kweli anaokoa kanisa.

Na kiwanja, mwanangu. Najua si adabu kutaja mali katikati ya mambo ya imani, lakini umekitaja mwenyewe. Mlipewa kwa mdomo au kwa maandishi? Nani alishuhudia? Sikwambii ukaanze kudai karatasi leo, ukifanya hivyo sasa utaonekana umeshajiandaa kwa vita. Nataka tu ujue, ukiwa unaamua, kama unaogopa kumkosea Mungu au unaogopa lenta. Vyote viwili ni hofu halali. Mwenye watoto wawili na tofali zimeshapanda haruhusiwi kujifanya hana hofu ya pili. Ila ukiwa hujui ni ipi inayoongea, utamjibu mzee la kiwanja kwa maneno ya imani, au la imani kwa maneno ya kiwanja, na hamtaelewana hata mkikesha.

Sitakuchagulia. Mimi sitakuwepo Jumapili hiyo, wala sitalala kwenye nyumba hiyo itakapoezekwa. Zungumza na mkeo tena, safari hii usimuulize useme nini kanisani. Muulize yeye anaamini nini kuhusu zile nyayo. Katika barua yote umenieleza anachoogopa, hukunieleza anachofikiri.

Ukiniandikia tena, niambie na habari za mama mkwe. Umemtaja baba mkwe kila aya, yeye hata mara moja, na mimi nimeolewa kwenye nyumba ya mchungaji. Najua mambo mangapi hutangazwa na baba Jumapili baada ya kuamuliwa na mama Alhamisi kwenye chai.